Pima Kumi Zilizopungua

Humu hamna jina. Mtu akiulizwa anakaa wapi hujibu, "Humu," na kule juu kulikobaki mwanga wanakuita huko, basi, yameisha. Zamani walijaribu kuupa mji jina. Wakaliandika kwenye kibao kwa rangi iliyonunuliwa kwa bei ya kutupa, jina likachujuka kabla wiki haijaisha, na waliolitunga wakasahau lilikuwa nini, wakaona haya kuulizana. Mji wenyewe uko chini ya shimo. Ukuta wake ni wa mviringo, laini kama ndani ya chungu, hauna pa kushika wala pa kukanyaga, na kutoka matopeni mpaka ukingoni ni pima mia moja kamili. Mchana jua hupita juu ya tundu, likachungulia kidogo, likaenda zake kama mgeni aliyekosea nyumba.

Sasa nisikilizwe vizuri, maana hapa ndipo watu hupenda kudanganyana. Hakuna aliyetupwa Humu. Hakuna mfalme aliyewafunga, hakuna jini, hakuna vita. Kila mmoja aliteremka mwenyewe, kwa mikono yake na miguu yake, akifuata bei. Kule juu zilienea habari kwamba chini kuna soko sufuria inauzwa kwa bei ya kifuniko na shati kwa bei ya vifungo vyake, na binadamu akisikia hivyo, hata awe na mashati kumi sandukuni, moyo humdunda. Wakateremka asubuhi wakiaga kwamba watarudi jioni. Jioni hiyo haijafika bado.

Njia ya kutoka ipo, tena mbele ya macho ya kila mtu, na hilo ndilo linaloumiza. Ukingoni kuna kulabu kubwa ya shaba iliyowekwa na watu wa kwanza, na juu yake umepitishwa ugwe mwembamba ambao ncha zake mbili zinaning'inia mpaka chini. Ugwe huo hubeba mizigo midogo, haubebi mtu. Anayetaka kutoka hufunga kitanzi cha kamba yake kwenye ugwe, akavuta, kitanzi kikapanda mpaka kikanasa kwenye kulabu. Kilichobaki ni kupanda. Kwa hiyo Humu maisha yote ni kamba, na kamba zote ni za Bwana Nafuu.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Badi, lakini nani aliyelikumbuka? Duka lake lilikuwa katikati ya soko, na kamba zake zilikuwa za buluu, zinang'aa, laini mkononi, zimesokotwa kwa mashine kutokana na magunia yaliyochakaa. Zilifika kwenye kulabu bila shida. Zilimbeba mtu pima thelathini, arobaini, sitini kama mtu mwenyewe amekonda kwa mawazo, kisha zikakatika. Mtu aliangukia matopeni, akavunjika kifundo cha mguu, akajifuta, akachechemea mpaka dukani kununua nyingine. Si rahisi? Akiulizwa mbona anarudia yaleyale, hujibu kwamba bei yake haiumi. Mguu ulikuwa unauma, lakini mguu hakuulipia. Humu kila mtu alichechemea. Watoto waliozaliwa Humu walichechemea kwa kuiga, wakidhani ndivyo binadamu atembeavyo.

Kazija peke yake ndiye aliyesokota kamba za makumbi. Makumbi yenyewe yalimjia kutoka juu. Huko ukingoni kulikuwa na mtu aliyefua nazi kila asubuhi kwa kifuo, ule mti uliochongoka unaosimikwa ardhini, na kila nazi iliyopigwa pale ilitoa mlio mmoja mzito, kisha makumbi yakatupwa shimoni kama takataka. Watu wa Humu waliyakwepa wakatukana. Kazija hakutukana. Aliujua mlio ule. Mfuaji alipiga, akanyamaza kidogo, akapiga tena, kwa sababu alikuwa mashoto na kila nazi ilibidi aizungushe kwanza. Mtu afuaye nazi hivyo alikuwa mmoja tu duniani, naye ni mama yake, Bi Mkasi.

Basi hilo ndilo jambo lenyewe, wala sitalificha. Kazija alitaka kumfikia mama yake kabla kifuo hakijanyamaza. Zamani alikuwa akihesabu milio sitini kwa asubuhi moja. Ikawa arobaini. Ikawa kumi na tano, na baina ya mlio na mlio mtu angeweza kunywa uji akamaliza. Sasa ilikuwa saba. Huko juu mkono wa kushoto ulikuwa unachoka, na huku chini kamba ilikuwa na pima tisini.

Pima kumi. Angalia ukatili wa hesabu hiyo. Kamba ya pima tisini katika shimo la pima mia haikufikishi karibu na nyumbani. Haikufikishi popote, kwa sababu kitanzi hakigusi kulabu na wewe hunyanyui hata unyayo. Asiye na kamba na mwenye kamba ya tisini wamelala kwenye tope moja. Tofauti yao ni kwamba mmoja ana matumaini, na matumaini usiku hayamwachi mtu alale.

Tena kamba ya makumbi haina ujanja. Unayafukia matopeni, unayawekea mawe juu yasielee, unangoja. Yataoza, yatanuka, jirani atakusema, nawe utangoja. Yakiiva unayafukua, unayaosha, unayaponda kwa kigongo mpaka nyama yote itoke ubaki usumba mtupu, yaani nyuzi, unauanika, ndipo unakaa chini kusokota kwa viganja, uzi kwa uzi, mpaka viganja vinakuwa ngozi ya kobe. Ukiyafukua kabla hayajaiva, nyuzi zinatoka, ndiyo, na jicho haliwezi kuzitofautisha na nyingine. Tofauti unaijua ukiwa hewani.

Na kungoja Humu si kungoja kama kwengine. Hata siku za Humu zilikuwa za bei rahisi, nyembamba, zenye mishono mibovu. Unaanza siku asubuhi, inachanika kabla ya adhuhuri, unajikuta ndani ya siku nyingine ukiwa na mvi usizozikumbuka. Kazija aliwahi kufukia makumbi jana yake akayakuta yameiva, na aliwahi kufukua aliyoyafukia akiwa msichana akayakuta mabichi. Alikuwa msichana lini? Wakati mwingine alihisi bado ni msichana, na kwamba huyu mwanamke mwenye viganja vya kobe ni mtu aliyempisha tu njiani. Akaacha kuuliza miezi. Aliukata unyuzi mmoja kwa meno, akajua kama yameiva.

Akiwa peke yake alisema na kigongo chake. Kitu kisichodumu, je, kilikuwepo? Kamba iliyokatika ilikuwa kamba, au lilikuwa jina la kamba lililovishwa magunia? Na mimi. Mimi niliyedumu humu bila kufika popote, nipo? Aliyeniona nikipanda ni nani? Ponda. Mama alisema ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Nikamcheka. Nilikuwa na meno yote, nikamcheka. Ponda.

Asubuhi moja yenye milio saba akaja Shebe, jirani yake, mtu mzima mwenye heshima zake aliyekwisha kuanguka mara kumi na nne na kuvunjika mahali kumi na moja. Shebe alikuwa na mke huko juu, au aliwahi kuwa naye. Alipomtaja alisita kwenye jina, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Alikuwa ameapa kutopanda tena mpaka Kazija aseme kamba iko tayari. Alikaa kwenye kigoda, akauliza habari za makumbi, akaambiwa lile shimo la mwisho lililofukiwa lingetoa pima nne, likiiva, na halijaiva. Zilizobaki sita zitategemea nazi za huko.

Shebe akasikiliza juu. Kifuo kilikuwa kimekwisha kunyamaza kwa siku ile. Ndipo akaanza kuzunguka kwa maneno. Akasema yeye si fundi, wala hamfundishi Bi Kazija kazi, ila alikuwa anawaza. Pima tisini za makumbi ni nyingi. Zikiungwa na pima kumi za buluu, kumi tu, pale juu kabisa, mtu atakuwa amepanda karibu safari yote kwenye kamba ya kweli. Kumi katika mia ni nini?

Kazija alimwuliza kamba hukatikia wapi. Shebe akainamisha kichwa. Kila mtu Humu anaijua methali hiyo, tena wanaifundisha watoto: kamba hukatikia pembamba. Wanaifundisha, halafu wanakwenda dukani.

"Lakini mama yako anafua nazi saba, Bi Kazija," Shebe akasema polepole. "Saba."

Hapo akawa amemchoma palepale. Mtu akikuambia uongo unaweza kugombana naye. Akikuambia idadi unayoijua, utagombana na nani? Kazija alijifunga leso yake kiunoni akaenda sokoni. Alijiambia anakwenda kutazama tu. Ah, kutazama tu! Humu nzima ilijengwa na watu waliokwenda kutazama tu.

Duka la Bwana Nafuu lilijaa kama kawaida. Watu walisimama mguu mmoja mmoja, wakitania, wakilinganisha bei za kamba za leo na za jana. Nafuu alikuwa mtu wa kutabasamu, sauti ya chini, hakuwahi kumsukuma mteja. Alikuwa na kauli moja aliyoisema kwa kila mtu, nayo ndiyo iliyomfanya aaminike: yeye hamuuzii mtu kamba kabla hajaivuta. Mbele ya kaunta ilining'inia kamba ya buluu, pima kumi, imezungushwa mara nyingi kwenye mhimili wa dari ikabaki ncha ya kushikwa. Mteja aliishika, akavuta kwa mikono, akaning'inia kwa uzito wake wote, akajirusharusha. Haikutikisika. Mteja akashuka akicheka, akalipia kamba nyingine iliyokunjwa kwenye rafu, rangi ileile, mng'aro uleule. Hakuna hata mmoja, katika miaka yote ile, aliyewahi kusema, nipe niivute hii ninayoondoka nayo. Ndiyo, na waliijua kamba kuliko kitu chochote. Walizaliwa nayo, walianguka nayo. Kuomba kuvuta kile unachonunua kulionekana ni utovu wa adabu, kama kumhesabia mwenyeji matonge.

Kazija hakuwahi kuigusa ile kamba ya kuvutwa. Kiburi cha fundi. Leo Nafuu alimwona, akawaomba wateja wampishe, akamkaribisha kwa jina. Alikwisha kusikia habari za pima kumi. Humu siri nayo haidumu. Akasema hatamuuzia. Atampa bure, pima kumi au ishirini. Anachotaka ni neno lake tu, alitamke hapo mbele ya watu: kwamba kamba za buluu na kamba zake ni mamoja.

"Watu wakikusikia wewe watatulia," akasema. "Wakianguka hawatanung'unika. Vuta kwanza, Bi Kazija. Mimi simuuzii mtu kabla hajavuta."

Akaishika. Mkono wake ulijua kabla yake. Ulaini wa buluu ulikuwa juujuu, rangi tu. Chini yake mlikuwa na ugumu wa usumba ulioiva sawasawa, na mzunguko wa uzi ulikwenda kushoto. Kamba zote duniani zinasokotwa kulia. Kazija aliipandisha mikono mpaka penye kitanzi, akaingiza ukucha baina ya nyuzi, akazipanua. Ndani kabisa, ambako rangi haikufika, mlikuwa na uzi mwekundu wa pindo la leso. Bi Mkasi aliutia uzi huo kwenye mwanzo wa kila kamba yake, iwe bismillahi ya kazi.

Basi duka likawa duka lilelile na siku ikawa nyingine. Wateja walikuwa wengine, Nafuu hakuwa na mvi hata moja, na mbele ya kaunta alisimama msichana mwenye meno yote, na begani mwake pima mia za kamba ya makumbi aliyoteremkia kisha akaishusha kwa ugwe, kamba iliyomchukua mama yake misimu mitatu. Nafuu alikuwa anamweleza msichana yule, kwa upole, kwamba kamba yake ni nzito, inachubua, imepitwa na wakati. Atambadilishia kwa mbili za buluu, nyepesi. Msichana alisitasita. Kazija, mwenye viganja vya kobe, alimsogelea sikioni.

"Usimpe," akamwambia. "Hiyo ndiyo ya kurudia kwa mama."

Msichana akageuka akamtazama. Alimtazama kama mtu amtazamavyo shangazi anayeingilia mambo.

"Lakini ananipa na sufuria," akasema.

Akaishusha kamba begani akaiweka juu ya kaunta. Sufuria ile, nikumbushe, ilitoboka wiki ya kwanza. Kazija bado alikuwa nayo. Alikuwa amepanda kitunguu ndani yake.

Alipozinduka alikuwa ameishikilia kamba kwa mikono miwili na Nafuu anamtazama, hana tabasamu. Akamwuliza kwa nini anayo. Nafuu hakukana. Akasema aliinunua kihalali, kamba mbili na sufuria juu yake, na yeye Kazija mwenyewe ndiye aliyecheka kwa furaha siku hiyo. Akamwuliza zilizobaki, pima tisini, ziko wapi. Nafuu akajibu, na hapa fahari ikamponyoka, kwamba alizikata akazipaka rangi, akazipandisha kwa ugwe pamoja na bidhaa zake nyingine. Huko juu ana maduka manane sasa. Kila duka lazima liwe na kamba ya kuvutwa.

"Niuzie hii," Kazija akasema.

"Nikiiuza hiyo, nitauzia nini?"

Wateja wakacheka kidogo, hawakujua wanacheka nini. Kazija akamwuliza jambo ambalo nadhani hata yeye hakutarajia kuliuliza. Siku ile kamba ilipokuwa pima mia kamili, mkononi mwake, mbona yeye Nafuu hakuipanda akatoka zake? Nafuu alifuta kaunta kwa kiganja, akaifuta tena palepale. Akasema alifikiri. Aliwahi kuifunga hata kwenye ugwe, asubuhi moja. Lakini wateja walikuwa wamekwisha kupanga foleni, na duka angemwachia nani? Alisema hivyo kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. Kisha akajipanga upya akamweleza biashara ilivyo. Kamba ikidumu, mteja harudi. Kamba ikikatika, anarudi kesho. Kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, sawa, lakini kinachotembea ndicho kinachofika kwa watu.

"Wako wanarudi kwa sababu hawana pa kwenda," Kazija akasema. "Wangu mmoja akifika juu, atasimama ukingoni aseme nani aliyemsokotea. Mmoja tu, Badi."

Kusikia jina lake la kuzaliwa kulimshtua. Kwa kitambo alionekana kama mtu aliyeitwa kutoka chumba kingine. Walikuwa na pima tisini nyumbani kwa Kazija na pima kumi hapa, na wote wawili walijua kujumlisha. Macho yake yalikwenda juu, kwenye tundu. Nadhani angesema. Wallahi nadhani mdomo wake ulikwisha kufunguka. Ila mteja mpya, mtu aliyekuwa na mkono kwenye kitambaa cha shingoni, alipenya kati yao akauliza kamba bei gani, na Nafuu akageuka kumkabili, tabasamu likarudi mahali pake lenyewe.

"Vuta kwanza ujionee," akamwambia.

Kazija alirudi bila kulitoa neno lile na bila pima kumi. Kabla ya kuondoka alijaribu hata kuwaeleza watu pale dukani. Alisimama mlangoni akasema kwamba kinachovutwa sicho kinachouzwa. Wakamsikiliza kwa heshima. Mmoja akamwuliza, kwa hiyo ya kwako ni bei gani? Akataja. Wakatazamana kwa huruma, wakarudi kwenye foleni.

Sasa zikaja siku za milio mitano, na za minne. Kazija alilala karibu na lile shimo la mwisho la makumbi. Siku ya milio miwili alishindwa. Alitoa mawe, akaingiza mikono kwenye uvundo, akatoa kumbi moja, akaukata unyuzi kwa meno. Mbichi bado. Mbichi kidogo tu, tuseme kweli. Mtu mwingine asingejua. Pima nne zingepatikana kesho, na kama pima nne za makumbi mabichi zingewezekana, basi na hizo sita nyingine zingewezekana kwa njia yoyote, hata kwa leso yake mwenyewe iliyochanwa, na keshokutwa angekuwa kwa mama. Au hewani, penye pima ya tisini na moja. Alichuchumaa pale na kumbi mkononi akalia kwa sauti, bila kujificha. Alikuwa amechoka kuwa sahihi. Hilo halisemwi na wanaousifu uvumilivu. Kwamba kazi nzuri nayo ni shimo, na aliyemo ndani yake husikia wengine wakicheka dukani.

Kisha akalirudisha kumbi matopeni. Akarudisha mawe, moja moja. Shebe alikuwa amesimama nyuma yake. Hakuuliza lini, wala hakuuliza bei. Alimsaidia kuinua jiwe la mwisho kwa mkono wake mzima, akakaa chini. Humu nzima hakukuwahi kuonekana mtu aliyekaa chini kungoja kitu kiive, na waliopita waliwashangaa.

Asubuhi iliyofuata kifuo hakikulia.

Wakangoja. Jua lilichungulia, likaondoka. Wauzaji wa zile siku za bei rahisi wakapita wakinadi, wao wawili hawakununua. Kazija aliinua uso mpaka shingo ikauma, akihesabu kimya: moja ya kimya, mbili ya kimya, akiipa kila moja kile kipindi cha kuizungusha nazi. Akafika sitini, kama zamani. Juu hakukuwa na kitu. Akamwambia Shebe kwamba mama amekufa. Akachukua kigongo, akakiweka chini, akakichukua tena. Kwa nani sasa? Kamba ni ya kwenda kwa mtu. Isiyo na mtu upande wa pili ni urefu tu.

Ndipo kitu kikaanguka.

Hakikuwa kumbi, kilikuwa kizito, na kilikuja na upepo. Kikatua penye tope laini, palepale pa makumbi, mawe yakatawanyika, uvundo ukafumuka soko zima. Watu wakaja wakichechemea kutazama. Walipoona ni mwanamke mzee, amelowa matope mpaka kwenye kope, na mkononi bado ameshika kipande cha kamba ya buluu, mmoja wao alitaka kujua ameinunua bei gani.

Kazija alikwisha kupiga magoti. Alimfuta uso kwa leso, na chini ya matope uso ulikuwa ule ule, umesinyaa tu, umekuwa mdogo. Bi Mkasi alikuwa hai. Nyonga ilikuwa imevunjika, lakini alikuwa hai, na alimtazama bintiye kwa muda mrefu, akimtafuta msichana ndani ya yule mwanamke mwenye mvi.

"Nimekufuata," akasema. "Nimechoka kutupa makumbi nisijibiwe."

Kazija alitaka kumwuliza kwa nini, yeye, wa watu wote, kwa kamba hii. Hakuuliza, lakini mama alilisoma swali la kile kipande cha buluu machoni pake.

"Mikono imekataa kusokota, mwanangu. Na huko hakuna tena anayengoja misimu mitatu, wamefunguliwa maduka. Nikaenda. Nilijua watataka kunidanganya, nikaivuta kwanza, nikaning'inia mzee mzima watu wakanicheka. Ilikuwa nzuri. Sikuambii uongo, ilinijia mkononi kama niliyoisokota mwenyewe."

Kazija hakumwambia. Kuna kweli ambazo ukimpa mtu aliyevunjika nyonga unamvunja na kilichobaki. Shebe alitazama pembeni.

"Tena walinipa na sufuria," Bi Mkasi akasema, akaanza kupapasa matopeni kwa mkono wa kushoto. Akaipata. Ilikuwa imebonyea.

Wakambeba mpaka kibandani, wakamlaza juu ya rundo la kamba, maana hapakuwa na pengine pakavu. Ndipo alipoihisi chini yake. Akaivuta mbele, akaipitisha baina ya vidole pole pole, pima kwa pima, akaingiza ukucha kati ya nyuzi kama alivyofanya siku zote za uhai wake, akanusa. Uso wake ukafunguka. Aliuliza nani aliyeisokota, akaambiwa. Akampapasa bintiye viganja. Akauliza imepungua wapi.

Kazija akamwambia pima kumi. Akamwambia na ya lile shimo, kwamba mna nne, na zimeshafumuka, watazifukia upya.

"Nne na sita," mama akasema. Akatabasamu kifundi, kama mtu aliyesikia kazi ndogo iliyo ndani ya uwezo wake. "Sita si nyingi. Nazi mia mbili, mia tatu hivi."

Akainua macho kwenye tundu lililo juu, na Kazija akayaona macho hayo yakipanda ukuta mzima, pima mia, mpaka ukingoni, mpaka kilipokuwa kimesimama kifuo, wazi, bila mtu.

"Na makumbi," Bi Mkasi akauliza, "atatutupia nani?"